Nipo Rangwi, mvua siku ya pili, soli ya buti imeachama. Kesho niendelee kwa miguu hadi Mtae au nipande gari?

Mwalimu wa Ramani
Alhamisi, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, chaji imebaki asilimia 31 na umeme hapa umekatika tangu saa kumi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, Dar. Huu mwaka wa tisa naichora mvua ya milima ubaoni: bahari upande wa kulia, mshale wa upepo, mlima, wingu, matone. Watoto wananakili, kengele inagonga, tunafunga daftari. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya ule mchoro. Ubaoni hakuna anayelowa, ndugu zangu.

Safari yenyewe ni Lushoto hadi Mtae, huku Milima ya Usambara, kwa miguu, siku tatu. Jana tumepita msitu wa Magamba tukalala Lukozi. Leo Lukozi hadi hapa Rangwi. Kesho Rangwi hadi Mtae, na alfajiri ya Jumamosi turudi kwa basi. Tuko watatu: mimi, binamu yangu ambaye ni fundi umeme na hajui neno kuchoka, na kijana wa Lushoto anayetuongoza. Kabla ya hapa, safari yangu ndefu kuliko zote kwa miguu ilikuwa Buguruni hadi Kariakoo, siku daladala zilipogoma.

Kwa nini Aprili? Kwa sababu likizo yangu iko Aprili. Msinicheke, mwenyewe ndiye ninayewafundisha watoto kwamba masika ni Machi hadi Mei.

Mvua ilitupata jana kabla hata hatujaingia msituni. Kule ndani unadhani imekatika, kumbe juu imekatika ila miti ndiyo inaendelea kunyesha. Nilivaa jinzi. Naandika hilo mapema ili mwenye kunitukana amalize. Ilipolowa nilikuwa kama nimebeba mtoto kila mguu. Nguo za akiba nilizitia kwenye begi hivihivi, maana zile rambo za kufungia hazipo tena tangu zilipopigwa marufuku 2019, na akili ya kutafuta mbadala sikuwa nayo. Sweta moja tu ndilo lililopona, lilikuwa katikati.

Leo ndiyo tope. Nimeanguka mara nne. Ya nne sikuinuka, nilikaa palepale. Akanipita mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, kabichi kichwani, yeboyebo miguuni, wala hakupunguza mwendo. Akasema, "Pole mwanangu, kanyaga majani, usikanyage njia." Nikajaribu kukanyaga majani ya pembeni. Kuanzia hapo sijaanguka tena. Kiongozi wetu anasema alikuwa anataka kuniambia, ila aliona mwalimu anajua.

Sasa buti. Niliyanunua soko la Karume, Dar, mtumba, elfu arobaini na tano. Yanang'aa, soli haijalika hata kidogo, muuzaji akaapa hayajavaliwa mara tatu. Leo saa sita buti la kulia likaanza kupiga makofi. Nikatazama: kisigino kimeachama kama mamba, na ndani kuna kitu cha kijivu kinachomeguka kama ukoko wa ugali uliolala. Tumelifunga kwa kamba ya begi mpaka hapa.

Hali ya mwili: malengelenge mawili, moja kisigino cha kulia, moja chini ya dole gumba. Goti la kushoto linauma nikishuka tu, nikipanda halina shida. Tumefikia kwa masista, tumepewa chai, viazi na maharage, blanketi mbili mbili. Mabuti nimeyaegesha jikoni kwenye moto yakauke.

Binamu anasema tusonge. Kiongozi anasema "tutaona asubuhi." Mimi kusema kweli nataka gari, ila naona aibu, na kuna jambo jingine. Niliwaahidi Kidato cha Pili picha kutoka ukingoni pale Mtae: huku milima ya kijani, kule chini nyika kavu ya Mkomazi. Upande wa mvua na upande uliokosa mvua kwenye picha moja. Nimewaambia darasa zima.

Waliowahi kupita huku wakati wa masika, nipeni neno. Na hili buti nalifanyaje?

---

Kaka Mkavu
Alhamisi, saa 1:52 usiku

Jinzi! Mwalimu mzima! 😂 Haya, nimemaliza. Wenye hoja waendelee.

---

Fundi Kiatu
Alhamisi, saa 1:58 usiku

Mwalimu, inuka ukayatoe hayo mabuti jikoni sasa hivi. Nenda, nitakusubiri.

Umerudi? Moto ndio unaoyamaliza. Gundi ya kiatu ikipata joto inalegea, ngozi inakakamaa na kupasuka. Kiatu kilicholowa unatoa soli ya ndani, unajaza magazeti, unakiweka penye upepo, gazeti likilowa unabadilisha. Usiku mmoja hakitakauka chote, ila hakitakuumiza.

Sasa nikuambie ukweli wa hilo ganda la kijivu, maana vijana wengi wanaliwa hela hapo. Kati ya soli nyeusi ya chini na ngozi ya juu kuna povu gumu, linaitwa poliurethani. Ndilo linalokufanya uone kiatu ni laini. Hilo povu haliliwi na kutembea, linaliwa na unyevu wa hewani na miaka. Kiatu kikikaa kabatini miaka kumi, huko Ulaya au hapa, povu linaoza taratibu ndani na nje huoni kitu. Siku ukilivaa, ukakanyaga maji, saa tano nyingi, linamwagika. Kwa hiyo mvua umeisingizia bure.

Ndiyo maana mimi buti la mtumba lenye soli mpya kabisa naliogopa kuliko lililolika. Lililolika lilikuwa linatembea juzi. Lenye soli mpya uliza lilikuwa wapi. Ukienda kununua tena, bonyeza kucha kwenye lile povu pembeni: likirudi ni zima, likibaki na alama au likidondosha unga, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Na jiandae, la kushoto nalo litafuata. Ni mapacha hao, wamezaliwa siku moja.

Kesho fanya hivi. Tafuta kijana wa baiskeli au bodaboda, mwombe tyubu iliyokufa. Kata pete nne nzima, upana wa vidole viwili. Kila buti pete mbili: moja nyuma kidogo ya vidole, ya pili ipite chini ya kisigino ije ifungwe mbele ya kifundo. Mpira unavutika na unabaki umekaza hata ukilowa, kamba inalegea. Tena mpira chini ya soli unashika tope, utanishukuru. Usitie gundi yoyote, sehemu iliyolowa haishiki, utajitia kero tu.

Ukipata wa kukuuzia buti la mvua pia sawa, huko kila nyumba linakuwepo. Ila vaa soksi mbili, la sivyo litakuchuna shavu la mguu mpaka ulie.

---

Mzaliwa wa Sunga
Alhamisi, saa 2:15 usiku

Mwalimu, onga maundo. Najua ni usiku, ila maneno haya utayatumia asubuhi. Ukiamkiwa hivyo na wazee njiani jibu "niwedi," utaona nyuso zinavyofunguka, na utaelekezwa njia vizuri zaidi kuliko ramani ya simu.

Nimezaliwa njia hiyo, nimeondoka nina miaka kumi na tisa. Mama uliyekutana naye na kabichi, hiyo kwake ni safari ya kwenda dukani. Usijilinganishe naye, goti litakucheka.

Usiamue usiku. Usiku kila kitu kinaonekana kibaya, na mvua juu ya bati ni uongo mtupu, ya kawaida inasikika kama gharika. Amka saa kumi na moja, toka nje, sikiliza mabondeni. Masika ya kwetu mara nyingi asubuhi inakuwa ukungu na manyunyu, mvua yenyewe inapanga mizigo kuanzia saa saba. Mkiondoka saa kumi na mbili na nusu, mna saa sita nzuri. Mkikaa kunywa chai ya pili na ya tatu mpaka saa tatu, mmeshaiharibu siku.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya vijito na pembezoni mwa msitu wa Shagayu, ndiyo wanayopenda wageni, ni nzuri kweli. Ya pili ni kushika barabara ya magari kupitia Sunga. Haina mandhari ya kuandikia nyumbani, lakini ina watu, ina vibanda, ina bodaboda, na ukishindwa unashindwa mbele ya watu. Kesho kama kuna ukungu mzito mwambie kijana wako mshike barabara. Akisema njia ya msituni ni fupi, ni kweli, ila ufupi huo ni wa kiangazi.

Kuhusu vijito. Usipime kwa macho, pima kwa sikio. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na chini yake ukasikia mawe yanagongana, huo si mto wa kuvuka, hata kama upana wake ni wa kuruka. Yakifika gotini na yana kasi, rudini. Mkivuka maji ya kawaida, legeza mikanda ya begi kwanza, ukiteleza ulitupe. Begi utanunua jingine.

Goti: katafute fimbo leo leo. Ukishuka, hatua fupi, fupi hasa, kama unabeba uji wa moto. Wageni wanaharibu magoti kwa kushuka kwa madaha.

Basi la kutoka Mtae linaondoka alfajiri sana, saa kumi hivi, kwa hiyo mkifika jioni ongeeni na kondakta kabisa kabla ya kulala. Na mvua ikizidi gari nalo linakwama, abiria wanashuka kusukuma. Kwa hiyo usidhani ukipanda gari umeikimbia tope.

---

Mama Nesi
Alhamisi, saa 2:40 usiku

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi nyanda za baridi miaka mingi, naongezea mambo ya mwili tu.

Malengelenge yasiyopasuka usiyapasue, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora uliyonayo. Lililopasuka lioshe kwa maji safi na sabuni, likauke, bandika plasta, na ngozi usiikate. Asubuhi paka mafuta ya mgando kisigino na katikati ya vidole kabla ya soksi. Usiku huu lala miguu wazi, ikauke kabisa. Miguu inayokaa majini mchana na usiku inakuwa myeupe, inavimba na kuanza kuuma, na hapo huendi popote.

Najua kuna mtu atakushauri diklofenaki kwa ajili ya goti. Usimeze ukiwa na njaa wala ukiwa hujanywa maji siku nzima, inaumiza tumbo na figo. Na usimeze ili upate kutembea usichostahili kutembea. Maumivu yanakupa habari.

Lakini si goti linalonipa wasiwasi, ni baridi. Watu wa Dar mnadhani baridi inaua Ulaya tu. Haihitaji barafu. Inahitaji nguo zilizolowa, upepo, njaa na mtu anayeona aibu kusema. Kutetemeka ni sawa, mwili unajitafutia joto. Angalia haya: vidole vinashindwa kufunga zipu, mtu anaanza kujikwaa, ulimi unakuwa mzito, anakuwa mkali bila sababu au ananyamaza. Na mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla huku bado amelowa, usifurahi, hapo amezidiwa. Mwingizeni ndani, vueni vilivyolowa vyote, mkausheni, blanketi, chai ya moto yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza mwenyewe. Pombe hapana, hata kama wazee watasema inapasha.

Lile sweta moja kavu usilivae ukitembea. Utaona baridi asubuhi, vumilia, mwendo utakupasha. Lifunge kwenye nailoni ile inayouzwa kwa mita, au mfuko wa ndani wa gunia la mbolea uliooshwa. Lifungue mkisimama. Jinzi hiyo waachie masista wapigie deki.

Na mwangalie huyo binamu asiyechoka. Kwenye kazi yangu hao ndio walioletwa wamebebwa.

---

Mbeba Boksi Glasgow
Alhamisi, saa 3:05 usiku

Mwalimu, salamu kutoka Uskoti, ambako mvua ni mwanafamilia. Hiyo aibu yako ya kupanda gari naijua, nilikuwa nayo mwenyewe.

Huku kuna njia ya miguu inaitwa West Highland Way, inaanzia Milngavie nje kidogo ya Glasgow hadi Fort William, kilomita 154. Nikajipa wiki. Siku nne mvua, ile ya pembeni, haishuki, inakuja usoni. Kando ya ziwa Loch Lomond njia ni mizizi na mawe, nilikuwa natambaa kwa mikono kama mtoto. Nikafika Tyndrum, kijiji kidogo ambacho kwa maajabu kina stesheni mbili za treni. Mbele yangu kulikuwa na Rannoch Moor, uwanda mtupu, hakuna mti, hakuna nyumba ya kujificha saa nyingi. Soksi zangu zote zimelowa, kidole kimeanza kuwa zambarau.

Nikapanda treni. Reli inapita uwandani humohumo, basi nikakaa dirishani na kahawa, naona mvua inavyoipiga ile ardhi, na nikasema hapa leo ningelia. Mwaka uliofuata nikarudi Tyndrum, nikashuka stesheni ileile, nikatembea kilichobaki kwa siku tatu za jua. Hakuna aliyeniuliza kwa nini kuna mwaka mzima katikati.

Ila wewe bado una jambo moja ambalo sikuwa nalo mimi: barabara yenye watu karibu yako njia nzima. Mimi ningetembea barabarani mpaka nichoke, halafu ningepanda.

---

Mwalimu wa Ramani
Alhamisi, saa 3:20 usiku

Asanteni sana wote. Fundi, nimekuta la kushoto limeanza kutoa ufa. Mapacha kweli. Yapo kibarazani sasa, yamejaa karatasi. Mama, shikamoo, jinzi nimeikunja na aibu zangu. Asilimia 12, nazima simu. Nitawapa habari.

---

Mwalimu wa Ramani
Jumapili, saa 12:10 jioni

Wakuu, nipo nyumbani, nimekaa, miguu kwenye beseni. Mlioniandikia inbox kuuliza kama niko hai, niko hai. Naeleza.

Ijumaa saa kumi na moja nikatoka nje kusikiliza mabonde kama nilivyoagizwa. Mvua ilikuwa imekoma, ukungu umekaa mpaka mlangoni. Kiongozi wetu akapita pembeni yangu na kusema, "Barabara," neno hilo tu. Nikafurahi kuliko alivyojua.

Tyubu tuliipata kwa kijana wa bodaboda. Akaikata mwenyewe, akanivalisha pete zote nne kama anafunga mzigo, akagoma kupokea hela. Fundi, mpira unashika tope kama ulivyosema. Buti la kushoto lilimwaga povu lake lote ndani ya saa ya kwanza. Nilikuwa nasikia linavyosagika, krrr, krrr, kila hatua, kama natembea juu ya mchele. Soli haikutoka.

Kuna kosa moja tulifanya. Tukiwa tumekwenda kama saa moja na nusu, kulikuwa na kinjia cha kukata kona ya barabara, binamu akatushawishi. Chini yake kijito. Chai ya maziwa kabisa. Kiongozi akachomeka fimbo, ikavutwa mkononi mwake. Tukanyamaza wote watatu, na mawe nikayasikia, ngo, ngo, kama mtu anagonga mlango chini ya maji. Upana wake sidhani kama ulizidi mita mbili. Tukarudi juu. Dakika hamsini zimekwenda, na ule mpando wa kurudi binamu akateleza, kifundo kikageuka.

Kwa hiyo fundi umeme asiyechoka alipanda bodaboda kuanzia Sunga, yeye na mabegi yote matatu. Ameniruhusu kuliandika hili kwa sharti kwamba niseme alifika kabla yetu.

Tulioendelea ni mimi na kiongozi. Mvua ilianza saa saba kasorobo. Mzaliwa, ulikosea kwa robo saa. Tulipotoka kwenye nyumba na kushika mgongo wa mlima upepo ukaja, nikataka kufunga zipu ya koti, vidole havitaki. Navitazama, vipo, lakini ni kama vya mtu mwingine. Nikataka kunyamaza, nikamkumbuka Mama Nesi. Nikamwambia kijana, "Vidole vyangu vimegoma." Hakucheka. Tukaingia kwenye kibanda cha mangi mmoja anayeuza sabuni na mafuta ya taa, nikavua fulana nyuma ya mlango, nikavaa lile sweta kavu. Vikombe viwili vya chai, sukari mpaka kijiko kinasimama. Nusu saa vidole vikarudi, vinachoma. Bado sijui ningesema nini kama ningekuwa na binamu pale badala ya huyu kijana.

Mtae tulifika saa kumi kasoro. Kijana akanipeleka moja kwa moja ukingoni, akanyoosha mkono. "Pale Mkomazi. Kule Pare. Siku nzuri, pale unaona Kilimanjaro." Nyeupe. Yote nyeupe, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kichafu. Nikapiga picha hivyohivyo, nikapiga tatu. Zinafanana.

Nikiwa bado nimesimama, nikasikia mtu anahema chini yetu. Kuna njia inapanda ule mwamba kutoka Mnazi, kule chini nyikani. Akatokeza mzee kutoka kwenye ukungu, kifurushi begani, makobazi ya tairi miguuni. Na miguu yake, wakuu, ilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, kavu, mpaka magotini. Kwenye vidole tu ndipo lilikuwa limeanza kugeuka tope, kwa zile hatua za mwisho alizoingia kwenye wingu letu.

Nikamwamkia, nikamuuliza huko chini mvua imewafikia. Akaniangalia nilivyolowa kuanzia juu mpaka kwenye mipira ya buti. "Mvua gani? Sisi tunaitafuta wiki ya pili hii. Kumbe mmeizuia huku."

Miaka tisa naitamka hiyo sentensi kwa maneno marefu: upepo unatoka baharini, unapanda mlima, unapoa, unamwaga maji upande huu, unashuka upande wa pili hauna kitu. Mzee kaimaliza kwa maneno matatu. Nikamwomba ruhusa nipige picha ya miguu yake na yangu, ubavu kwa ubavu. Akakubali, akauliza tu kama ya kwake itaonekana ni michafu.

Kesho ni Jumatatu, Kidato cha Pili wana vipindi viwili asubuhi. Ile picha nimeisafisha kwa printa ya dukani, karatasi ya A3.

Alfajiri tulipanda basi saa kumi, tukashuka kusukuma mara moja. Binamu alisukuma kwa mguu mmoja.

Fundi Kiatu, mabuti nimekuja nayo na mipira yake. Ngozi ya juu nzima kabisa. Inawezekana kuwekwa soli mpya, au niyape kwaheri?

---

Fundi Kiatu
Jumapili, saa 12:31 jioni

Inawezekana. Nakung'olea povu lote, naweka mpira mtupu wa tairi, hauozi. Utakuwa mzito kidogo. Yaache yakauke kivulini wiki nzima, halafu niandikie pembeni nikuelekeze nilipo. Na hizo pete za tyubu usitupe, njoo nazo, nataka kuona huyo kijana alifungaje.